Aliapa Babu, Tukavimba Sisi

Kitu cha kwanza nilichoambiwa kuhusu tumbo langu ni hongera. Nilikuwa natoka misa ya pili, nimevaa gauni la kitenge nililolishona mwenyewe, mama mmoja wa jumuiya yetu akanishika kiuno akacheka. "Mama Sabina, kumbe Mungu hachokagi! Umepata kitinda mimba?" Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na hedhi ilishakoma zamani. Nilicheka naye, maana mtu mzima akisimamishwa mlangoni mwa kanisa na watu wanamtazama tumbo, atafanya nini kingine?

Naandika haya sasa kwa sababu yale mabaya kuliko yote yamenipita, na kwa sababu nina hasira. Watu wema wameniambia kwamba aliyetoka huko nilikotoka anapaswa kushukuru tu. Nimeshukuru, na nitaendelea kushukuru. Lakini hasira yangu nayo ina kazi, na kazi yake ni wewe unayesoma, hasa kama ni mwanamke na sketi imeanza kukubana huku mikono na mashavu yanapungua.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kushonea mtaa wa Iringo, katika mji wetu wa kando ya ziwa, na nyumba yetu iko mtaa wa Kitaji. Kazi yangu ni viuno vya watu. Mwanamke akivuka tu barabara nimeshajua atahitaji kitambaa kiasi gani, na kama ana mimba najua kabla ya mama mkwe wake. Sasa mtu wa namna hiyo alifumua gauni lake mwenyewe ubavuni, akaliachia, akashona. Baada ya muda akafumua tena, mpaka kitambaa cha akiba ndani ya mshono kikaisha. Nilikuwa nashiba kwa tonge mbili za ugali wa muhogo. Nilikuwa nakwenda kukojoa kila nikikaa. Mgongo uliuma, nikasema ni cherehani.

Nilikwenda zahanati, siitaji ni ipi. Wakapima mkojo, wakasema ni U.T.I., nikameza dawa. Nikarudi, wakasema ni taifodi, nikameza. Nikarudi tena, kijana aliyevaa koti jeupe akaniuliza kama nina mawazo. Nikamwambia nimeyapata sasa hivi, baada ya kukuona wewe. Akaandika vidonda vya tumbo. Katika safari zote hizo hakuna aliyesema mama, panda kitandani nikushike tumbo. Tumbo lilikuwa limekaa mbele yao kubwa kama debe, wao wanatazama karatasi. Mpaka leo nikipita ile njia nageuza uso.

Aliyenishika tumbo ni daktari mwanamke, mtu wa makamo, nilipelekwa kwake na mume wangu baada ya kushindwa kulala chali. Aligonga kwa vidole upande huu na upande ule kama mtu anayechagua tikiti maji. Akanipeleka kwenye ultrasaundi. Aliporudi alivuta kiti akakaa karibu yangu, hakukaa nyuma ya meza. Nilimpenda kwa hilo tu. Alisema tumbo limejaa maji, na kwenye ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, kuna uvimbe pande zote mbili, na kwamba niende Mwanza bila kupoteza wiki. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Bunda kwa kina mume wangu walikuwa wanapanda pamba.

Mwanza walinitoa maji tumboni kwanza. Yalitoka ya njano, yakaendelea kutoka, nikawa naangalia ule mrija nikikumbuka hongera za mlangoni mwa kanisa. Baada ya vipimo vyote daktari mmoja kijana mwenye sauti ya chini aliniambia ni saratani ya ovari, na imeshatambaa ndani ya tumbo, yaani hatua ya tatu. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo sababu ya kuandika haya yote.

"Mama, kwenu kuna mwanamke aliyewahi kufa kwa saratani? Ya matiti, ya tumbo, ya kizazi. Upande wa mama au upande wa baba."

"Hakuna," nikasema.

"Shangazi zako?"

"Sina shangazi. Baba yangu alizaliwa na mdogo wake wa kiume tu, baba mdogo Wambura."

Nilijibu kwa uhakika, karibu kwa majivuno. Sisi watu wa Butiama, nikamwambia, tunakufaga kwa uzee. Akaandika, akaendelea na mengine.

Sitakueleza habari za dawa, wako wanaojua zaidi yangu. Nitakueleza benchi. Kwenye benchi la wagonjwa wa dripu ya saratani tulikuwa wanawake kutoka pande zote za ziwa, wengine vichwa vimefungwa vitambaa, wengine wamevaa kofia za baridi kwenye joto. Pale watu hawaulizani umelalaje. Wanaulizana namba. Namba ni kile kipimo cha damu kinachoitwa CA-125, kinachopimwa kabla ya dripu, na kwa sisi wa tumbo kilikuwa kama matokeo ya mtihani. "Yako imeshuka?" "Imeshuka kidogo." "Yangu imekaa palepale." Nililichukia lile neno, namba. Nilikuwa nikiitwa kupokea majibu naomba nesi anisomee yeye, mtu niliyezaa na kuzika.

Nilimuuliza daktari ni kitu gani kitakachosema kama nitaishi. Hakunikwepa. Alisema ataangalia uvimbe ulivyosambaa, ataangalia mpasuaji ataweza kutoa kiasi gani na kuacha kiasi gani, na ataangalia namba inavyoshuka na dripu. Nikamuuliza, je, hasira haipimwi? Akacheka. "Haipimwi, mama, lakini usiiache nyumbani."

Rafiki yangu wa benchi alikuwa Mama Kulwa, Msukuma wa Magu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Ndiye aliyenifundisha kunyonya limao kabla kichefuchefu hakijafika, na kuja na kanga mbili, moja ya kujifunika na nyingine ya kulilia. Alikaa na tumbo kwa mganga mpaka mavuno mawili yakapita. "Walinichanja kila mahali, dada," aliniambia. "Nilikuwa nimechorwa kama kibuyu." Tulicheka mpaka nesi akatoka kututazama.

Nyumbani Kitaji baada ya dripu nilikuwa siwezi kuvumilia harufu ya dagaa, mimi niliyelelewa nao. Upepo ukitoka ziwani pale wanapoanika, natapika. Nywele zilibaki kwenye mto wa kitanda. Vidole vilikufa ganzi, na hilo ndilo lililoniliza kuliko upara. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni nani? Nilikuwa nakaa na sindano nikilenga, nakosa, nalenga, nakosa, mpaka naitupa.

Mume wangu, Masatu, ni fundi wa mashine za boti bandarini Mwigobero. Ana vidole vinene kama ndizi za kuchoma, vyeusi kwa oili. Asubuhi moja niliamka nikakuta amenitungia sindano zote, nyeusi, nyeupe, nyekundu, amezichomeka kwenye kimto changu cha sindano, na yeye ameshakwenda kazini. Kila asubuhi niliyokuwa na nguvu ya kushona nilizikuta.

Nimetaja hilo kwanza ili usimchukie kwa hili linalofuata. Baada ya dripu ya pili, Masatu alipanda gari akaenda Butiama kwa baba yangu mdogo Wambura, bila kuniambia. Siku chache baadaye nikamwona baba mdogo mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alikaa sebuleni akatazama ukuta. Hakunitazama mimi hata mara moja.

"Binti yangu," akasema, "hii tumbo sisi tunaijuaga. Sindano ya hospitali haiiwezi. Uje nyumbani, uogeshwe, mbuzi achinjwe, ndipo urudi kwa hao madaktari wako."

"Baba mdogo, dripu yangu ni wiki ijayo."

"Dripu ingoje."

"Unaijuaje tumbo yangu?"

"Mambo ya ukoo hayaelezwagi wanawake."

Nilimwambia kwa adabu zote nilizofundishwa kwamba kama hayaelezwi basi sitayafuata. Alisimama akaondoka bila kunywa chai. Masatu alinigombeza mpaka majirani wakasikia. Alisema nina kiburi, kwamba yeye anaogopa kubaki peke yake na mimi naleta ubishi na wazee. Nami nikamwambia maneno ambayo siyaandiki. Tulikaa siku kadhaa tukisemeshana kupitia vyombo tu, sahani inawekwa, sahani inaondolewa. Katikati ya ukimya huo mimi nilikuwa na swali moja lililonikaa kama mwiba wa samaki ningu kooni. Baba mdogo alisema wanaijua. Wanaijuaje?

Baada ya dripu ya tatu nikapasuliwa. Walitoa ovari, kizazi, na lile pazia la mafuta linalofunika utumbo, na mpasuaji akasema kilichobaki hakionekani kwa macho. Nilirudi Kitaji masika, barabara zetu zote matope, nimeshonwa kutoka juu ya kitovu mpaka chini. Kama fundi niliutazama ule mshono nikaukubali, ulinyooka.

Mama yangu mzazi, Anastazia, akaja kutoka Butiama kuniuguza. Ana miaka mingi lakini bado anakoroga uji wa ulezi bila mabonge. Siku hiyo alikuwa ananiosha kwa kitambaa cha maji ya moto, nimekaa kwenye kigoda, kanga imeshuka. Aliushika mshono kwa kiganja chote. Nikaona machozi yanamdondokea.

"Nyangeta angepata watu wa kumpasua hivi," akasema.

"Nyangeta ni nani?"

Akaondoa mkono haraka kama ameungua. Nikamshika kifundo. Sikuwa na nguvu, lakini nilishika.

"Mama, Nyangeta ni nani?"

Alinieleza akiwa amechuchumaa na kitambaa kinapoa mkononi. Nyangeta alikuwa dada wa baba yangu, mkubwa wao. Na baada yake alikuwepo mwingine, Wakuru, wa mwisho. Nyangeta alivimba tumbo mimi nikiwa sijaanza kukaa, akakonda mikono, akafa. Wakuru yeye alishakufa kabla mama hajanizaa, msichana aliyekuwa ametolewa mahari tu. Wote wawili walizikwa nje ya ua wa minyaa, si pamoja na watu wa mji, yaani wa boma letu. Na majina yao hayakurithishwa.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kwetu marehemu harudi isipokuwa kwa jina. Mtoto akizaliwa anapewa jina la aliyetangulia, na ndivyo mtu anavyoendelea kutajwa, anaitwa akale, anaitwa akaoge, anachapwa, anaolewa. Jina lisipopewa mtoto mwenyewe amekwisha kabisa. Ndiyo maana nilikua nikiamini baba yangu hakuwa na dada. Hapakuwa na mtoto yeyote katika ukoo mzima anayeitwa Nyangeta, wala Wakuru, wa kunifanya niulize.

"Kwa nini?" nikamuuliza mama.

"Kiapo," akasema.

Babu yangu, baba wa baba, aligombania ng'ombe na jirani. Wazee wakamwapisha, kwamba kama ng'ombe si wake tumbo limvimbe. Akaapa. Akabaki na ng'ombe. Alizeeka, akafa usingizini na tumbo lake bapa. Lakini binti zake walipoanza kuvimba watu wakasema kiapo kimerudi, na wa kiapo hazikwi na watu, hatajwi, asije akakivuta kwa wengine.

Nilicheka, na mshono ukaniuma nikalia, na sikujua ni lipi linatoka wapi. Kiapo gani hicho kisicho na macho? Aliyeapa ni mwanaume, ng'ombe wakanywewa maziwa na wanaume, wanaovimba ni wanawake! Shuleni tulifundishwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilikuja mara mbili na nacho wakakificha.

"Na wewe ulijua," nikamwambia mama. "Uliniona navimba. Nilikuja Pasaka ya mwaka jana tumbo hili hapa, ukaniambia nipunguze mihogo."

"Niliwaza ndiyo hiyo. Niliogopa kuisema."

"Miaka yote hii!"

"Niliingia ile mji nikiwa msichana, nikaambiwa hii haisemwagi. Ungesema wewe? Na wewe ungeolewa na nani, mwanangu? Nani angeleta ng'ombe kwenye nyumba ya kiapo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani. Wale wazee hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona. Waliona kwamba jambo hili linafuata mabinti wa nyumba moja, kizazi hadi kizazi, jambo ambalo daktari aliyesoma alilazimika kuniuliza. Walikuwa na jibu lake kabla hajazaliwa. Wakalifunga mdomo ili mahari iingie. Niliolewa juu ya mdomo uliofungwa, na binti yangu vilevile.

Kwenye dripu iliyofuata nilimwambia daktari, nilidanganya bila kujua, nina shangazi wawili. Akaweka kalamu chini. Akauliza walikuwa na umri gani, nikamweleza nilivyoelezwa.

"Una binti, mama?"

"Ninaye mmoja, Sabina. Ameolewa Bunda."

"Anajua?"

Alisema hawezi kuniahidi kwamba kuna kipimo cha kumkinga. Alisema hata ile namba humdanganya mtu wakati mwingine. Lakini Sabina akijua, hatakaa na tumbo linalojaa akimeza dawa za taifodi, na wao watamfuatilia kama mtu mwenye historia, si kama mtu yeyote aliyetoka barabarani. Siku hiyo nafasi ya Mama Kulwa kwenye benchi ilikuwa tupu. Namba yake haikushuka. Nilikaa na kanga zangu mbili nikatumia zote.

Baba mdogo alisikia kwamba mama amesema, sijui nani alimpelekea. Akapiga simu. Alikuwa anapaza sauti kama watu wa zamani wanavyofanya kwenye simu, Masatu naye akawa anasikia yote.

"Usimwambie Sabina. Wakwe zake Bunda wakisikia watamrudisha. Watadai ng'ombe zao. Na mimi nina wajukuu wawili wa kike hapa, nani atawaoa?"

"Na wakivimba, baba mdogo?"

"Hayo ni ya Mungu."

Nilikata simu. Masatu alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Aliniambia tungoje, Sabina bado mgeni kwenye ndoa, tumwache azae kwanza. Ng'ombe wa mahari ya Sabina walikuja kwake, wako Kiriba anakoishi kaka yake, na nilijua anawawaza. Nilimuuliza swali moja tu. "Mwaka jana, kama mtu angekuwa anajua nina nini akaninyamazia kwa ajili ya ng'ombe, ungemfanya nini?" Asubuhi nilikuta sindano zimetungwa.

Dripu ya mwisho niliipata wakati wa kuvuna pamba. Namba ilikuwa imeshuka chini kabisa, mahali daktari alipotaka. Hakusema nimepona. Alisema tunaendelea kukuangalia, na mimi nimejifunza kuishi ndani ya neno hilo.

Mwezi huohuo ukoo ulikuwa na misa ya kumbukumbu ya babu, nyumbani Butiama. Wote walikuja. Sabina alikuja na mumewe Magesa, kijana mwalimu, mrefu, mwenye haya. Niliwaza kumwambia Sabina pembeni, nikasema hapana. Siri iliyowekwa mbele ya watu wote itolewe mbele ya watu wote.

Padri alipomaliza akaondoka, watu wakabaki kwenye turubai wakingoja chakula. Kama ilivyo desturi, baba mdogo Wambura alisimama kuwataja marehemu wa mji, na watu wanaitikia wapumzike kwa amani. Akamtaja babu. Akamtaja bibi. Akamtaja baba yangu. Akaenda mpaka kwa mtoto mchanga aliyekufa kwa surua. Kisha akasema, "Hao ndio wetu."

"Bado," nikasema.

Nilisimama. Nilikuwa nimekonda, nguo niliyovaa nilikuwa nimeibana mara mbili. Nikavua kilemba, upara ukaonekana, kichwa chenye vinyweleo kama kifaranga. Watoto wakaguna.

"Bado Nyangeta," nikasema. "Na bado Wakuru. Mabinti wa mji huu, dada zake baba yangu. Walikufa kwa saratani, hii hii iliyonipasua mimi. Wapumzike kwa amani."

Hakuna aliyeitikia.

"Kaa chini," baba mdogo akasema. "Umelewa dawa."

"Sijalewa. Wewe ulimjua Nyangeta, alikubeba mgongoni. Umwite basi mara moja tu, nikae."

"Unaharibu watoto wa watu! Unawaozesha nani hawa baada ya leo?"

"Wataolewa wakiwa hai, baba mdogo. Au wewe unataka waolewe tu, kuishi si lazima?"

Alinyanyua fimbo. Sidhani kama angenipiga, lakini Masatu alikuwa ameshafika katikati yetu. Sikumwona alivyotoka kwenye kiti. Alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, weka chini." Na hapo mama yangu akasimama, yule aliyenyamaza maisha yake yote, akishika bega la mtu aliyekaa mbele yake.

"Nyangeta alikuwa wifi yangu," akasema. "Alinipokeaga mzigo siku niliyoletwa hapa. Alikuwa anaimba vibaya sana. Apumzike kwa amani."

"Kwa amani," akaitikia mtu mmoja nyuma. Ilikuwa sauti ya Sabina.

Niliwapeleka wote waliotaka nje ya ua wa minyaa. Hatukukuta makaburi. Tulikuta matuta ya viazi. Walikuwa wanalima juu yao, wanakula. Nilikosa pumzi kwa hasira, nikakaa kwenye tuta. Magesa, mkwe wangu, alikunja mikono ya shati lake la misa, akaanza kuokota mawe na kuyapanga mahali mama alipoonyesha. Sabina alikaa karibu yangu, tukasubiri.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe wa Sabina alikasirika, na ana haki. "Hii maneno mlikuwa mnaificha wakati mnapokea ng'ombe," alisema. Kwa miezi alikuwa hamsalimii Sabina ila anamwagiza. Walimwita Magesa kikao cha ukoo wao wakamwambia arudishe mke. Aliniambia mwenyewe alivyowajibu: "Mimi sikwendaga kumuoa babu yake." Baba mdogo hasemi nami mpaka leo. Lakini mmoja wa wale wajukuu zake alinipigia simu kwa siri akaniuliza tumbo huwa linaanzaje, nikamweleza pole pole, kama ninavyokueleza wewe: unashiba upesi, kiuno kinaongezeka mwili ukipungua, mkojo hauishi, na hali hiyo haikomi. Isipokoma, usikubali kutoka chumbani kwa daktari kabla hajakushika tumbo.

Vuli imerudi. Wiki iliyopita tulikwenda Mwanza, safari hii si kwa ajili yangu. Tulikaa kwenye benchi lilelile tangu asubuhi, na foleni haikuwa inasogea. Sabina aliitwa jua likiwa juu. Nilitaka kuingia naye, akaniambia, "Mama, kaa." Nikakaa. Ule mlango haufungi vizuri, unabaki wazi kama upana wa kiganja. Nikasikia sauti ya chini ya yule daktari kijana ikiuliza lile swali, kwa maneno yaleyale. Kwenu kuna mwanamke aliyewahi kufa kwa saratani, upande wa mama au upande wa baba?

"Wapo," Sabina akasema. "Nyangeta, dada yake babu mzaa mama. Wakuru, dada yake mwingine."

"Na wengine?"

"Mama yangu aliugua. Lakini yeye hajafa, yuko hapo nje kwenye benchi, amekasirika."